Turubai la karavani: lisifunguke njiani, lisichukuliwe na upepo kazini

Swali: Nilinunua karavani ya mtumba iliyotoka Afrika Kusini ili niuze bukari (ugali) na samaki nje ya mji. Ubavuni ina turubai la kivuli la kufunguliwa kwa mkono, urefu wake mita 4, lenye mikono miwili ya alumini. Tulipokuwa tunarudi kutoka Likasi, lori lilitupita na turubai likafunguka kama nusu mita, likaanza kupigapiga. Kijana wangu alilifunga kwa mikanda ya mpira wa tyubu tukafika. Nifanye nini lisifunguke tena njiani? Na nikilifungua kazini, nilishike vipi upepo usilichukue? (Mama wa Kampemba, Lubumbashi)

Jibu: Mama, kutokana na unavyoeleza, turubai lako lilikuwa linashikwa na springi peke yake, na springi haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Tuanze na bomba, maana hapo ndipo kosa linapoanzia karibu kila mara.

Ndani ya bomba linaloviringia turubai kuna springi kwenye ncha zake. Unapolivuta turubai nje, springi zinajikaza; ndizo zinazolirudisha ndani unapofunga. Kwenye ncha moja, mara nyingi ile ya mkono wako wa kulia ukisimama nje na kulitazama, kuna kufuli ya meno yenye ulimi mdogo wa kugeuza. Ulimi huo una nafasi mbili. Ya kwanza inaruhusu turubai kutoka na kulizuia kurudi: ni ya kufungulia. Ya pili inaruhusu turubai kurudi na kulizuia kutoka: ni ya kufungia, na ndiyo ya safari. Watu wengi huviringisha turubai vizuri hadi ukutani, halafu ulimi unarudishwa kwenye nafasi ya kwanza bila wao kujua, au unagongwa na tawi na kurudi hapo. Kwa macho turubai limefungwa. Kumbe kinacholishika ni mvuto wa springi tu, na upepo ukishika ukingo wake linatoka bila kizuizi.

Kwenye karavani za mtumba maandishi ya kuonyesha nafasi hizo huwa yamefutika, kwa hiyo usiyategemee. Jaribu hivi: turubai likiwa limefungwa, fungua vishikizo vya mikono, shika mkanda wa kuvutia kwa fimbo yenye ndoano, vuta chini taratibu. Bomba likikataa kuzunguka, hiyo ndiyo nafasi ya safari. Turubai likikufuata, geuza ulimi, ujaribu tena. Ukishaijua, weka alama ya rangi nyekundu kwenye ncha ya bomba ili na kijana wako aione akiwa chini. Ikiwa bomba linakufuata katika nafasi zote mbili, meno ya kufuli yamelika au springi yake ndogo imevunjika. Hapo usisafiri na turubai mpaka kufuli ibadilishwe. Kamba yoyote utakayoongeza haiwezi kuchukua nafasi yake.

Sasa upepo wenyewe. Nguvu yake haipandi sawasawa na mwendo: mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Kwa hewa ya Lubumbashi, iliyo mita 1,200 hivi juu ya bahari, kadirio rahisi ni kilo 5 kwa kila mita ya mraba upepo ukiwa kilomita 36 kwa saa, kilo 20 kwa kilomita 72, na kilo 45 kwa kilomita 108. Turubai lililoviringishwa vizuri ni kitu chembamba, kipenyo chake sentimita 10 hivi, na hewa inalipita. Likitoka nusu mita tu, kwa urefu wa mita 4, tayari una mita 2 za mraba za kitambaa hewani. Ukienda kilomita 70 kwa saa huku upepo wa mbele ukiwa kilomita 35, unafika karibu kilo 90, tena zinazovuta na kuachia bila kukoma. Mikono ya alumini hupinda kwa mitikisiko ya namna hiyo, na skrubu za chini hung'oka kwenye ukuta. Ndiyo maana nusu mita ya kwanza ndiyo ya kuzuia. Baada ya hapo turubai linajifungua lenyewe.

Kuna jambo jingine linaloihusu karavani yako hasa. Afrika Kusini magari hupita kushoto, kwa hiyo mlango na turubai vimewekwa ubavu wa kushoto, upande wa ukingo wa barabara. Kwetu tunapita kulia. Ubavu ule ule sasa unatazama malori yanayokuja. Lori la madini linapokukaribia linasukuma hewa mbele yake, kisha likishapita linaacha mvuto nyuma yake. Turubai linabanwa ukutani, halafu mara moja linavutwa nje. Kwenye barabara ya Likasi na Kolwezi hilo linarudiwa mara nyingi sana kwa siku moja, na kufuli iliyolegea haivumilii. Bomba nalo linachomoza upande huo huo, kwa hiyo bandika utepe unaoakisi mwanga kwenye mikono yote miwili, juu na chini.

Kwa sababu hiyo hiyo, usifungue turubai ukiwa umeegesha pembeni mwa barabara kuu. Utakuwa unawakalisha wateja upande wa magari. Ingia uwanjani, geuza karavani mpaka mlango utazame mbali na barabara, ndipo ufungue.

Namna ya kufunga kabla ya safari. Kazi hii inataka watu wawili, hasa upepo ukiwepo. Kwanza shusha mikono yote miwili kidogo kidogo, kwa zamu: upande mmoja ukishuka sana kabla ya mwingine, bomba linapinda. Kila mkono una vipande viwili, wa ndani ukiingia ndani ya wa nje: legeza vifundo (vile vya kugeuza kwa vidole) vinavyokaza mikono ya ndani, achia vishikizo vyake, na uiache iteleze. Shika mkanda wa kuvutia kwa mkono mmoja, uukaze, kisha mwenzako ageuze ulimi kwa ile fimbo. Usigeuze ulimi kabla ya mkanda kushikwa. Springi iliyokazwa huzungusha bomba ghafla, na mikono inarudi ukutani kwa kasi inayoweza kumvunja mtu vidole. Turubai lirudi polepole, wewe ukitembea nalo. Karibu na ukuta badilisha, ushike mkanda kwa ndoano ya fimbo. Hakikisha mkono wa ndani umeingia wote ndani ya ule wa nje, vishikizo vimeshika, na vifundo vimekazwa kwa vidole. Usitumie koleo kwenye vifundo hivyo: ni vya plastiki na uzi wake unakufa haraka.

Sasa tazama bomba kutoka mbele. Turubai liwe limelala sawa kutoka ncha hadi ncha. Likiwa limenenepa upande mmoja na kuwa jembamba upande wa pili, kitambaa kimetembea ndani ya reli ya juu, ile inayokishika kwenye ukuta wa karavani. Upande ule mwembamba hauwi umebana, na upepo huingilia hapo. Lifungue tena, lisogeze katikati, kisha weka skrubu ndogo moja katika kila mwisho wa reli ili kitambaa kisiteleze tena. Ni skrubu mbili tu, lakini zinamaliza tatizo ambalo watu huhangaika nalo kwa miaka.

Baada ya hayo ndipo tunaongeza vishikio vya ziada. Ninavyoona mimi, kwa barabara zetu vinahitajika hata kufuli ya bomba ikiwa mpya.

Mikanda ya mpira wa tyubu ilikufikisha nyumbani, na kwa dharura ilikuwa sawa. Kwa kila siku haifai kwa sababu inanyumbuka. Mkono unatoka sentimita moja, unarudi, unagonga, na mwendo huo mdogo ndio unaolegeza rivets na skrubu. Kamba ya nailoni nayo hurefuka ikilowa mvua. Tumia mkanda wa poliesta wenye upana wa sentimita 2.5 na kibano cha chuma, aina ile ya kufungia mizigo, mmoja kwa kila mkono. Uzungushe mkono wa nje na wa ndani pamoja, mahali ambapo mkono mzima unafikika, kimo cha kifua, mara mbili, kisha ukaze. Mkanda wa velkro wa sentimita 5 pia unafaa ukiwa mpya. Vumbi jekundu la kiangazi likiujaa, haushiki. Mpira wa tyubu usiutupe: kata vipande, uvibandike kati ya mkono na ukuta, pale panapogonga.

Usipitishe kamba juu ya paa ili kulifunga bomba katikati. Kitambaa kinatoka kwenye reli hadi kwenye bomba kwa urefu wote, kwa hiyo kamba haiwezi kulizunguka bomba lenyewe. Inabaki kuzunguka karavani nzima, inasugua paa na kuchana ukingo wa dirisha la hewa, na mvua inaingia.

Kishikio ninachokipendekeza zaidi ni pini. Turubai likiwa limefungwa kabisa, fundi atoboe tundu moja la milimita 6.5 linalopita mkono wa nje na wa ndani pamoja, kimo cha kiuno, mbali na maungio yote na mbali na ncha ya bomba. Ingiza pini ya chuma kisichoshika kutu ya milimita 6, yenye kizibo cha kuizuia isichomoke. Afanye hivyo kwa mikono yote miwili. Sasa hata kufuli ya bomba ikikatika, mikono haiwezi kuachana na ukuta, na mikono isipotoka turubai haliendi mbali. Ifunge pini kwa waya mfupi isipotee, na uitundikie kitambaa chekundu kirefu, maana atakayejaribu kulifungua turubai huku pini imo ataupinda mkono. Laini kingo za tundu kwa msasa au faili. Alumini iliyochanika huanza kupasuka kuanzia hapo.

Kabla ya kutoboa chochote, kagua vikalio vya chini vinavyoshika mikono ukutani. Karavani nyingi za zamani zina mifupa ya mbao nyuma ya bati, na mbao ikinyeshewa miaka mingi inaoza bila kuonekana nje. Shika mkono karibu na kikalio, utikise kwa nguvu. Kikalio kikisogea, kukaza skrubu ni kupoteza muda, kwa kuwa zinaingia kwenye mbao iliyokufa. Toa skrubu, tibu au badilisha mbao, kisha tumia bolti za milimita 8 zinazopita hadi ndani, na nyuma yake kipande cha bati la chuma cha sentimita 10 kwa 10, unene milimita 3, ili nguvu isambae. Ziba matundu kwa gundi ya poliyurethani. Silikoni ya kawaida ya madirisha huachia mapema kwenye kitu kinachotikisika.

Ukianza safari, simama baada ya kilomita 10 za kwanza, uguse kila kifundo, pini na mkanda. Mitikisiko hulegeza vitu mwanzoni zaidi. Halafu rudia kwenye peaji (kituo cha kulipia barabara) na kila unaposimama.

Likifunguka tena ukiwa njiani, ondoa mguu kwenye mafuta na upunguze mwendo taratibu, usikanyage breki ghafla. Egesha kulia kabisa, weka pembetatu, na ukumbuke kwamba turubai liko upande wa malori: mtu mmoja asimame akitazama barabara tu. Mtu asisimame mbele ya ncha ya bomba. Watu wawili waviringishe bomba kwa mikono hadi ukutani, ulimi uwe nafasi ya safari, mikono yote ifungwe mikanda, na mwendo uwe kilomita 30 kwa saa mpaka mji ulio karibu. Fundi asiye na uzoefu asifungue kifuniko cha ncha ya bomba. Springi hushikwa kwanza kwa pini inayopita kwenye tundu la kifuniko hicho. Bila pini, kifuniko kinazunguka kwa nguvu ya kuvunja mkono. Atakayeilegeza ahesabu mizunguko, ili airudishe kwa idadi ile ile.

Tuje kwenye kuegesha. Turubai lako likifunguka mita 2.5 lina mita 10 za mraba. Upepo wa kilomita 36 kwa saa ukiingia chini yake unalinyanyua kwa kadirio la kilo 50, nusu ikibebwa na reli na nusu na mikono. Upepo wa kilomita 72, ambao huja dakika chache kabla ya mvua kubwa za Oktoba na Novemba, unafika kilo 200. Yaani kilo 50 kwa kila mkono. Bidoni moja ya maji ya lita 20 kwenye kila mguu haitoshi kwa upepo huo. Ndiyo maana mashauri yangu ni makali kidogo: vumbi likianza kuzunguka uwanjani na wingu jeusi likiwa linakuja, funga turubai. Wateja watakaa ndani au watangoja. Usiliache wazi usiku, wala ukiwa umeenda sokoni, hata mbingu ikiwa safi.

Kwa upepo wa kawaida, lishike hivi. Acha miguu ya mikono kwenye vikalio vyake ukutani badala ya kuishusha ardhini, isipokuwa unahitaji nafasi ya kupita. Ukutani haiyumbi udongo unapolegea. Pitisha mkanda mmoja wa poliesta juu ya kila ncha ya bomba, uuvute nje na chini kwa mteremko wa nyuzi 45, hadi kwenye kigingi. Kati ya mkanda na kigingi weka springi fupi nzito: hapa mnyumbuko mdogo unasaidia, kwa sababu pigo la ghafla halifiki lote kwenye alumini. Vigingi vikatwe kwenye nondo ya milimita 12. Kiangazi, ardhi yetu nyekundu ni ngumu, na sentimita 50 zinatosha. Wakati wa mvua inakuwa laini, kwa hiyo tumia sentimita 80 na uvipige vikilalia upande wa mbali na karavani. Kwenye sementi hakuna kigingi kitakachoingia. Tumia mifuko ya mchanga ya kilo 50, na ukubali kulifunga turubai mapema zaidi.

Mvua yenyewe ina uzito unaodanganya. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya milimita 20, ambayo hapa hunyesha ndani ya saa moja, inamwaga lita 200 juu ya turubai lako. Zikikusanyika katikati, bomba linapinda na halinyooki tena. Shusha mkono mmoja sentimita 30 chini ya mwingine, maji yapate pa kumwagikia, tena upande usio na mlango. Dimbwi likishatokea, usilisukume kwa fimbo kutoka chini: shusha mkono mmoja polepole, maji yajitokee.

Ukilazimika kulifunga likiwa limelowa, lifungue likauke ndani ya siku moja au mbili. Ukungu mweusi ukiingia kwenye mshono, uzi unaoza kabla ya kitambaa. Lioshe kwa maji ya vuguvugu, sabuni ya kawaida na brashi laini. Javeli (maji ya kung'arishia nguo) hula uzi. Maungio ya mikono yapulizie silikoni kavu. Usipake grisi, kwani vumbi la kiangazi linashika humo na kuwa kama msasa.

Na kwa kuwa unapika, mbabula (jiko la makaa) isiwe kamwe chini ya turubai. Turubai la vinyli hulainika kwa joto kabla hujaona moshi, na cheche moja ya makaa hutoboa tundu. Tundu likitokea, lizibe siku hiyo hiyo kwa kiraka cha vinyli pande zote mbili, kilichokatwa mviringo bila pembe. Mafundi wanaoshona bashi (maturubai) za malori wana vinyli na gundi yake, na wanaweza pia kushona upya mshono ulioachia. Waambie watumie uzi wa poliesta wa kuvumilia jua. Uzi wa pamba unakatika kabla msimu haujaisha.